Jinsi ya Kutumia Stesheni ya Metro ya Juu Jijini Delhi Ukiwa na Mgonjwa

Kila mara napokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu aliyefika Delhi kumsindikiza mgonjwa, na maswali huwa yale yale. Bibi ataweza zile ngazi? Kadi yangu ya benki ya nyumbani itakubali? Picha za CT hazitaharibika kwenye mashine ya ukaguzi? Mbona jana tulijikuta upande wa pili wa barabara? Nimeona niyajibu yote kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili usome leo usiku na kesho utoke bila hofu.

Metro ni treni za ndani ya mji, na mfano wangu ni stesheni yake ya Jasola Apollo, kusini mwa Delhi, kando ya Mathura Road. Nimeichagua kwa sababu iko jirani na hospitali ambayo wagonjwa wengi wa kwetu huandikiwa, na nyumba nyingi za wageni tunamofikia ziko mitaa ya Jasola na Sarita Vihar. Ukishaijua hii, stesheni nyingine yoyote ya juu, Delhi au mji mwingine wa India, haitakupa taabu.

Ijue stesheni kabla hujaipanda

Stesheni ya juu ina tabaka tatu. Chini ni barabara, mageti ya kuingilia, ngazi na lifti. Tabaka la kati ni ukumbi wa tiketi: madirisha, mashine, ukaguzi wa usalama na mageti ya kupitisha kadi. Tabaka la juu kabisa ni majukwaa, pale unaposubiri treni. Reli zenyewe zimelala juu ya daraja refu la zege linaloshikiliwa na nguzo zilizopangwa kwa mstari, barabara yote.

Kwenye stesheni kama hii majukwaa ni mawili, yanatazamana, na reli ziko katikati. Huwezi kuvuka kutoka moja kwenda jingine. Ukipanda upande usio wako, itabidi ushuke mpaka ukumbini, uzunguke, upande tena. Kwa kijana ni dakika tatu. Kwa mgonjwa ni habari nyingine.

Wiki yetu ya kwanza nilimpandisha mama upande usio wake. Lifti ilikuwa na foleni, nikamwambia tutumie ngazi, ni chache tu. Alipanda akishika chuma cha pembeni kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameubana ubavuni juu ya kidonda cha upasuaji, na kila baada ya ngazi nne au tano anasimama, midomo imekauka. Tulipofika juu nikasoma ubao: treni za upande ule zilikuwa zinakwenda kinyume na tunakokwenda. Mama hakusema neno. Alikaa kwenye benchi akafumba macho. Tangu siku ile sijampandisha mtu yeyote tabaka la juu kabla sijasoma jina la mwisho wa njia kwa macho yangu, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Pesa taslimu za Kihindi, noti ndogo: za 10, 20, 50 na 100. Kadi za benki za kwetu mara nyingi hukataliwa kwenye mashine, na malipo ya simu ya Wahindi yanataka uwe umeunganishwa na mfumo wao. Mtu akikupa noti ya 2000, usipokee. Ziliondolewa kwenye mzunguko tangu 2023.
- Karatasi yenye mambo manne, imeandikwa kwa herufi kubwa: stesheni ya kuanzia, stesheni ya kushukia, rangi ya njia (kila njia ya treni hutajwa kwa rangi yake), na jina la stesheni ya mwisho ya upande unaokwenda. Hilo la nne ndilo watu husahau, na ndilo muhimu kuliko yote.
- Nakala ya pasipoti na ya viza. Pasipoti halisi iache mahali salama, isipokuwa unakokwenda wanaihitaji.
- Karatasi ya hospitali, kama mgonjwa ana chuma mwilini, betri ya moyo au pampu ya insulini.
- Maji, barakoa na kitambaa cha kujifunika. Majukwaa ya juu yana paa lakini pembeni yako wazi, hewa ya nje inaingia. Mei na Juni joto la Delhi hupita nyuzi 40. Novemba mpaka Januari moshi na ukungu huwa mzito, na kwa mwenye matatizo ya kifua barakoa si hiari.
- Mkoba mmoja tu wa begani. Kila mfuko wa ziada ni kitu cha kusahau kwenye mkanda wa mashine.
- Picha ya ramani ya metro, uihifadhi kwenye simu, usitegemee intaneti.

Saa ya kutoka

Delhi iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Na kumbuka saa za stesheni hazisomwi kwa Kiswahili: 14:30 ndiyo saa nane na nusu mchana.

Msongamano mkubwa huwa saa mbili mpaka saa tano asubuhi, tena saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Saa hizo watu husukumana mlangoni, na mtu aliyeshonwa au aliye kwenye dawa za saratani, ambaye kinga yake imeshuka, hapaswi kuwamo. Ukiweza, omba miadi ya mchana. Siku za joto kali toka mapema, kabla ya saa mbili asubuhi.

Mgonjwa anayetoka uwanja wa ndege na mizigo yake, mgonjwa aliyeruhusiwa wodini siku hiyo hiyo, na mgonjwa anayetapika: hao wapeleke kwa teksi. Najua hela inauma. Lakini metro ina kikomo cha mzigo, ina ukaguzi, ina kusimama, na huko juu hakuna mahali pa kumlaza mtu.

Hatua kwa hatua

1. Fanya safari ya majaribio peke yako. Mwache mgonjwa na mtu, panda treni kituo kimoja tu, kutoka Jasola Apollo mpaka Sarita Vihar, kisha rudi. Utalipa nauli ya chini kabisa, na utajua lifti iko geti gani, foleni ya ukaguzi ikoje, benchi liko wapi. Saa moja hii itakuokolea mengi.

2. Tafuta geti lenye lifti, si geti lililo karibu. Kila geti la kuingilia lina namba, na si kila geti lina lifti. Ngazi za umeme mara nyingi ni za kupandia, kwa hiyo usihesabu kwamba utashukia hizo hizo. Alama ya kiti cha magurudumu kwenye kibao ndiyo ya kuifuata. Kama huioni, muulize mlinzi: sema "lift" na unyooshe kidole, ataelewa.

Usimvushe mgonjwa Mathura Road kwa miguu. Ni barabara kuu, magari hayasimami. Kwenye stesheni nyingi za juu, ukumbi wa tiketi hutumika pia kama daraja la waenda kwa miguu: unapanda upande mmoja, unapita ukumbini bila kukata tiketi, unashukia upande wa pili.

3. Nunua kadi, si tiketi, kama mtakaa zaidi ya siku chache. Nenda dirishani, sema "smart card". Kila mtu na yake. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwa safari moja. Kadi ina punguzo la asilimia 10 kwa kila safari, na nafuu ya ziada nje ya saa za msongamano, lakini faida yake kubwa ni kwamba hutapanga foleni ya tiketi tena huku mgonjwa amesimama.

Ukitaka tiketi ya safari moja, taja jina la unakokwenda na idadi ya watu. Utapewa karatasi yenye msimbo wa QR. Usiikunje pale penye msimbo, usiilowanishe, na usiitupe baada ya kuingia, maana bila hiyo hutoki. Tangu Agosti 25, 2025 nauli ya siku za kawaida inaanzia rupia 11 kwa safari fupi mpaka 64 kwa ndefu kabisa. Jumapili na sikukuu za kitaifa hupungua kidogo. Mtoto ambaye hajafika kimo cha sentimita 90 halipiwi.

4. Pita ukaguzi kwa utulivu. Mistari ni miwili, wanaume na wanawake. Mwanamke hukaguliwa na askari mwanamke, nyuma ya pazia au kibanda. Hapa ndipo wewe mwanaume utatenganishwa na mama au mke wako kwa dakika chache, basi mweleze mapema, na mkubaliane mkutane wapi: mimi husema "ukitoka, simama kwenye nguzo ya kwanza, usiende popote mpaka unione." Anayetumia fimbo au kiti cha magurudumu, mwombe askari ampitishe pembeni.

Mikoba inapita kwenye mashine ya eksirei. Sasa maswali ya kila siku:

Picha za eksirei, CT na MRI zilizokwisha kuchapwa haziharibiki, na sidii zake pia haziharibiki. Vidonge na dawa za maji vinapita salama. Insulini iliyo kwenye kalamu au chupa haina shida. Lakini mwenye pampu ya insulini au kifaa cha kupima sukari kilichobandikwa mwilini, na mwenye betri ya moyo, aseme kabla ya kufika kwenye fremu ya ukaguzi, aonyeshe karatasi, aombe kukaguliwa kwa mkono. Mwenye chuma gotini au nyongani fremu itamlilia. Asishtuke, aonyeshe karatasi.

Kisu cha kumenyea matunda, hata kile kidogo, kinaweza kuzuiwa. Kiache nyumbani.

Na kabla hujaondoka kwenye mashine, hesabu mikoba yako. Mafaili ya hospitali ndiyo husahaulika mara nyingi, kwa sababu ni mapana, yanalala chini ya mikoba ya watu wengine.

5. Pita geti. Weka kadi juu ya alama, subiri mlango ufunguke, pita, mtu mmoja mmoja. Ukiwa na tiketi ya karatasi, elekeza msimbo kwenye kioo. Kiti cha magurudumu hupita kwenye geti pana, kwa kawaida karibu na dirisha la huduma. Mtangulize mgonjwa, wewe ufuate. Ukitangulia wewe na kadi yake ikagoma, utakuwa ndani na yeye nje.

6. Simama. Soma. Ndipo upande. Umeshaingia, na mbele yako kuna vibao viwili, kila kimoja na ngazi zake. Toa ile karatasi. Njia ya Jasola Apollo ni ya zambarau, vibao vimeandikwa Violet Line. Kwenda katikati ya mji, unatafuta jina Kashmere Gate. Kwenda kusini, Badarpur na Faridabad, unatafuta Raja Nahar Singh. Jina hilo liwe sawa na la kwenye karatasi yako ndipo ubonyeze kitufe cha lifti.

Treni nyingine za kusini huishia Badarpur Border, haziendelei mpaka mwisho. Ukiwa unarudi Jasola Apollo kutoka mjini, hilo lisikutishe: zote zinakupitisha nyumbani.

7. Jukwaani. Kuna mstari wa vigae vya njano vyenye vinundu sakafuni. Umewekwa kwa ajili ya wasioona, na ndio pia mpaka wako. Kaeni nyuma yake. Kama joto ni kali, mwache mgonjwa akae ukumbini mpaka dakika chache kabla ya treni, kwa kuwa ukumbini kuna kivuli kizuri zaidi.

Behewa la kwanza, kwa upande treni inakokwenda, ni la wanawake peke yao, na sakafuni mahali pake pana alama za waridi. Limekuwepo tangu 2010. Mwanaume haruhusiwi hata kama anamshika mama yake mkono, na ukikamatwa utapigwa faini. Ukiwa mwanaume unayesindikiza mwanamke, pandeni behewa la pili au la tatu, msitengane. Mkiwa wanawake wawili, behewa la kwanza ni pazuri sana, watu ni wachache na kinamama husogea mara moja wakiona mgonjwa.

8. Kuingia na kukaa. Simameni pembeni mwa mlango, watu washuke kwanza. Karibu na milango kuna viti vya wazee, walemavu na wanawake. Usione haya kuomba. Onyesha bandeji, au mkanda wa hospitali mkononi, sema "patient". Katika safari zote nilizofanya sijaona mtu akikataa kuinuka. Msikae sakafuni, ni kosa lenye faini, na msile ndani ya treni. Usirekodi video.

Tangazo husomwa kwanza kwa Kihindi kwa sauti ya mwanaume, kisha kwa Kiingereza kwa sauti ya mwanamke. Kama Kiingereza hakikupandi, shika maneno mawili ya Kihindi: "baayin" ni kushoto, "daayin" ni kulia, na yanaeleza milango itakayofunguka. Mengine utayatambua mwenyewe. Dawa wanaiita "dawa". Kitabu ni "kitaab", na gari ni "gaari", neno wanalolitumia hata kwa treni. Mama alifurahi sana siku alipomsikia muuza duka akisema "dawa", akaniambia hawa ni majirani zetu, tumetenganishwa na maji tu.

9. Kubadilisha njia. Epuka kama unaweza. Kwenda Jama Masjid kwa sala ya Ijumaa huhitaji kubadilisha: ni njia hiyo hiyo ya zambarau, kituo cha 16 ukitoka Jasola Apollo kuelekea Kashmere Gate. Mtasafiri juu ya paa za nyumba mpaka Lajpat Nagar, kisha treni inazama chini ya ardhi na dirisha linakuwa giza. Mwambie mgonjwa mapema, wapo wanaoshtuka. Msikiti wenyewe una ngazi nyingi za mawe, na Ijumaa kuna umati, kwa hiyo huyo awe mgonjwa aliyeshapata nguvu.

Mkilazimika kubadilisha, njia za karibu ni hizi: Kalkaji Mandir kwa njia ya majenta, Lajpat Nagar kwa njia ya waridi, Mandi House kwa njia ya bluu, Central Secretariat kwa njia ya njano. Mfano, ukiambiwa ufike ofisi ya usajili wa wageni pale R.K. Puram, unashuka Lajpat Nagar, unachukua njia ya waridi mpaka Bhikaji Cama Place. Usitoke nje ya geti wakati wa kubadilisha. Fuata alama za nyayo zenye rangi ya njia unayoitafuta, zimechorwa sakafuni. Lajpat Nagar unatoka kwenye reli ya juu kwenda kwenye reli ya chini ya ardhi, ni mwendo mrefu. Mtafutie lifti na umruhusu apumzike katikati.

10. Kushuka na kutoka. Simameni kituo kimoja kabla. Mkishashuka, subirini umati upungue, hakuna anayewafukuza. Ukumbini, kabla ya kupitisha kadi, soma ubao wa kutokea unaotaja majina ya mitaa na majengo kwa kila geti. Ukichagua vibaya utashukia upande mwingine wa barabara, tena mbali na lifti.

Nje utakuta bajaji za kijani na njano. Jina hilo letu limetoka kwa kampuni ya huku huku, lakini wao wanasema "auto", basi sema "auto". Patana bei kabla ya kupanda, au mwambie atumie mita.

Nguzo zina namba

Hili hakuna aliyeniambia, nalo limenisaidia kuliko ramani. Zile nguzo za zege zinazobeba reli zimeandikwa namba, kila moja. Watu wa Delhi huzitumia kama anwani: duka la dawa liko mkabala na nguzo namba fulani, nyumba ya wageni inaingilia kwenye nguzo fulani. Siku ya kwanza tu, toka nje ya nyumba yenu, soma namba ya nguzo iliyo karibu, iandike nyuma ya karatasi ya mgonjwa pamoja na jina la stesheni. Akipotea, mwenye bajaji ataisoma na kumleta mpaka mlangoni.

Mambo yakiharibika

*Geti limekataa kadi.* Mara nyingi ni salio, au kadi haikusomwa vizuri wakati wa kuingia. Usijaribu kupita nyuma ya mtu. Nenda dirisha lililoandikwa Customer Care, liko kando ya mageti, wataisoma na kukuambia. Kuna pia kikomo cha muda wa kukaa ndani; mkipumzika mno benchini mnaweza kuombwa kulipa zaidi. Eleza kuwa una mgonjwa, lipa, endeleeni.

*Tumepanda treni ya upande mwingine.* Shukeni kituo kinachofuata, msitoke nje ya geti, shukeni ukumbini, pandeni jukwaa la pili. Tiketi yenu bado ni hai.

*Tumeshuka Jasola lakini si penyewe.* Hili huwapata wengi. Kuna Jasola Apollo kwenye njia ya zambarau, na kuna Jasola Vihar Shaheen Bagh kwenye njia ya majenta. Ni stesheni mbili tofauti. Vivyo hivyo Okhla: Harkesh Nagar Okhla ni zambarau, Okhla NSIC, Okhla Vihar na Okhla Bird Sanctuary ni majenta. Nehru Place si Nehru Enclave. Andika jina kamili, kila neno. Mkishakosea kati ya hizo Jasola mbili mkiwa na mgonjwa aliyechoka, msirudi juu, chukueni bajaji.

*Lifti imeharibika.* Muulize mfanyakazi kama kuna nyingine upande wa pili wa ukumbi. Kama hakuna na mgonjwa hawezi ngazi, ombeni msaada wa kiti cha magurudumu au ghairini mchukue teksi. Kama mmo ndani ya treni na mmegundua stesheni ya kushukia haina lifti, endeleeni kituo kimoja mbele, shukieni huko.

*Mlango umefunga, mmoja ndani mmoja nje.* Aliye ndani ashuke kituo kinachofuata na asimame pale pale aliposhukia. Aliye nje apande treni inayofuata amfuate. Mkubaliane hili kabla ya safari ya kwanza, na mrudieni mgonjwa mpaka aliseme mwenyewe, maana mkijaribu kufuatana wote wawili mtapishana.

*Kitu kimeanguka relini.* Kiache, hata kama ni simu, hata kama ni faili lote la hospitali. Juu ya reli kuna waya wenye umeme mkubwa, na treni hufuatana kwa dakika chache. Mwite mlinzi au mfanyakazi wa jukwaa, wao wana utaratibu wa kukichukua.

*Mgonjwa anazimia au anatoka damu.* Jukwaani, paza sauti na umwite mtu mwenye sare, wana redio. Ndani ya treni, karibu na mlango kuna kitufe cha kuzungumza na dereva. Sema jina la behewa au namba iliyoandikwa juu ya mlango, sema "medical". Usivute chochote cha kusimamisha treni katikati ya daraja, huko hakuna wa kuwafikia haraka; treni ikifika kituoni ndipo msaada ulipo. Mkishuka, namba ya dharura India ni 112.

*Nimesahau mkoba.* Kama ni kwenye mashine ya ukaguzi, rudi mara moja, huwekwa pembeni. Kama ni ndani ya treni, mwambie mfanyakazi wa stesheni yoyote saa ulipopanda, upande uliokuwa ukielekea na behewa la ngapi kutoka mbele, au piga 155370, namba ya huduma ya metro ya Delhi. Hapo ndipo mazoea ya kuhesabu mabehewa yanapolipa. Mimi kila nikipanda namtumia ndugu yangu ujumbe mfupi, "saa nane na robo, Kashmere Gate, behewa la tatu," naye huko nyumbani anajua mama yuko wapi.